Asmini Wameihesabu, Langilangi Je?

Najua nimekuwa kimya, na wapo walioniandikia kuuliza kama nimeolewa au nimefungwa. Hapana kwa yote mawili. Leo nina jambo, na nitalisema hapa kwa sababu gazetini limeshindikana.

Mwezi uliopita mhariri wa kijarida chetu cha urembo, kile kinachopachikwa ndani ya gazeti la Jumapili, aliniagiza makala kuhusu urithi wa manukato wa nyumba ya mitindo ya Chanel. Duka moja la manukato hapa Dar, silitaji, lilikuwa limenunua tangazo la nusu ukurasa, na makala yangu ilitakiwa ikae juu ya tangazo hilo. Sawa, ndiyo kazi, kodi ya nyumba hailipwi kwa misimamo. Nikaandika kuhusu mwaka 1921, kuhusu Coco Chanel, kuhusu ile chupa ya kona kona isiyo na mbwembwe. Na nikaweka aya moja, moja tu, kuhusu langilangi na visiwa vya Komoro.

Gazeti lilipotoka aya ile haikuwepo. Nikamfuata mhariri mezani kwake. Akaniambia, "Dada, mambo ya Wangazija yanaingiaje kwenye Chanel? Mtu anataka kununua manukato, wewe unampa habari za kuni."

Nilicheka pale pale. Hasira zilinipata kwenye daladala.

Yanaingiaje? Haya, tukae kitako.

Bibi yangu mzaa mama ni Mngazija wa Unguja. Nilipokuwa mdogo alikuwa akiweka maua ya langilangi chini ya foronya, yale ya njano yaliyolegea kama vidole vya mtu aliyechoka. Usiku kichwa chako kikigeuka, harufu inapanda. Miaka mingi baadaye shangazi yangu mmoja alirudi kutoka ughaibuni na chupa ya No 5, akatupaka kila mmoja tone moja nyuma ya sikio kama anatoa chanjo. Nikasema kwa sauti, "Shangazi, hii si langilangi ya bibi?" Nikakatwa jicho. "Usiniaibishe. Haya ni ya Paris."

Shangazi alikosea na mimi nilikuwa sahihi, ingawa nilikuwa na miaka kumi na moja na ilinibidi niombe radhi. Maua makuu ya No 5 ni asmini, waridi na langilangi. Si siri ya kuvunja kabati, hata wauzaji wa dukani wanaikariri. Na kwa miongo mingi langilangi inayonunuliwa na watengeneza manukato wa dunia imetoka hasa Komoro na Nosy Be, kule Madagascar. Maji yetu haya haya.

Sasa sikilizeni hadithi ya urithi inavyosimuliwa dukani. Gabrielle Chanel, yatima aliyelelewa na masista, anakuwa fundi mkubwa wa mavazi Paris. Anataka manukato yatakayonukia kama mwanamke na si kama bustani. Anakutanishwa na Ernest Beaux, mtengeneza manukato aliyezaliwa Moscow. Beaux anampelekea sampuli zenye namba, 1 hadi 5 na 20 hadi 24. Mama anachagua namba 5, na tarehe 5 Mei 1921 manukato yanazinduliwa. Beaux mwenyewe alisimulia baadaye kwamba wazo alilipata akiwa vitani kaskazini kabisa mwa dunia, alipovuta ubaridi wa maziwa na mito ya huko chini ya jua lisilozama usiku. Ndiyo akamimina aldehaidi, kemikali za maabara zinazoipa No 5 ile cheche ya mwanzo, kama sabuni safi na maganda ya chungwa.

Nzuri sana. Ziwa la barafu limepata nafasi katika hadithi, wakati ndani ya chupa hakuna hata tone la ziwa. Ua la kisiwani limo ndani ya chupa na katika hadithi halina nafasi.

Nilipoanza kuchimba nikagundua kwamba urithi huu una tabia ya kupoteza watu njiani, na wa kwanza kupotezwa alikuwa mwenye jina mwenyewe. Mwaka 1924 iliundwa kampuni ya manukato ya Chanel. Ndugu wawili, Pierre na Paul Wertheimer, waliokuwa na viwanda, wakachukua asilimia 70. Théophile Bader, mwenye duka kubwa la Galeries Lafayette, akachukua 20. Coco akabaki na asilimia 10 ya kitu chenye jina lake. Akaona ameliwa. Alipambana nao miaka na miaka, na mwaka 1941, Ufaransa ikiwa chini ya Wanazi, alijaribu kutumia sheria za Kinazi dhidi ya Wayahudi ili awanyang'anye akina Wertheimer kampuni, kwa kuwa walikuwa Wayahudi. Akakwama, kwa sababu wenzake walishaikabidhi kampuni kwa Mfaransa asiye Myahudi, Félix Amiot, kabla hawajakimbilia Marekani. Waliyamaliza mwaka 1947, akawa analipwa asilimia 2 ya mauzo ya dunia nzima, na mwaka 1954 Pierre Wertheimer akaichukua nyumba yote. Ukoo huo unaimiliki mpaka leo.

Sisemi haya ili tumchukie marehemu. Nasema kwa sababu kila ninapoona neno "urithi" limeandikwa kwa herufi za dhahabu juu ya kaunta, nakumbuka kwamba kuna mtu alikaa na kalamu akachagua kipi kibaki na kipi kifutwe. Mahakamani tungemwita msimamizi wa mirathi. Na ninyi mnajua wasimamizi wa mirathi walivyo.

Sasa tuje kwenye ile aya yangu.

Beaux alipotengeneza No 5 alikuwa mwajiriwa wa kampuni iitwayo Rallet. Rallet ilianzia Moscow, lakini tangu 1898 ilikuwa mali ya akina Chiris, matajiri wa manukato wa mji wa Grasse, kusini mwa Ufaransa. Baada ya mapinduzi ya Urusi, Rallet ikahamia huko huko kusini na Beaux akahamia nayo. Na akina Chiris hawa walikuwa na mashamba na mitambo katika makoloni, kuanzia Afrika ya Kaskazini hadi Bahari ya Hindi. Kule Komoro walikuwa na mkono mkubwa katika kampuni ya kikoloni ya Bambao, iliyokalia sehemu kubwa ya ardhi nzuri ya kisiwa cha Nzwani, ambacho Wafaransa wanakiita Anjouan.

Rudia tena polepole. Tajiri aliyemlipa mshahara aliyetengeneza No 5 ndiye tajiri wa mashamba ya Nzwani. Hili nimeliona katika historia ya biashara ya Grasse, na si lazima uwe Mngazija ili likuguse. Unahitaji tu kujua kujumlisha.

Ngazija nako kulikuwa na Léon Humblot, mtaalamu wa mimea aliyefika mwaka 1884. Mwaka uliofuata alikuwa na mkataba na Sultani Said Ali uliompa haki ya kulima popote alipotaka kisiwani. Mtaalamu wa mimea! Tulipokuwa shule tuliambiwa hao walikuja kuchora majani. Mwaka 1886 visiwa vikawekwa chini ya ulinzi wa Ufaransa, mwaka 1912 vikafanywa koloni rasmi. Makampuni yakapanda vanila, mkonge, langilangi. Wenyeji wa Nzwani wakasukumwa kutoka mabondeni kwenda kulima kwenye miteremko mikali, ambako udongo ukishalegea unateremka na mvua kwenda baharini. Uhuru ulipatikana mwaka 1975, kwa visiwa vitatu tu. Cha nne, Maore, ni Ufaransa hadi leo, na kila mwaka watu wa Nzwani wanakufa maji wakijaribu kuvuka kwa vimashua viitwavyo kwasa-kwasa. Hilo ni la makala nyingine, lakini nisingeweza kulipita bila kuligusa.

Mnajua langilangi inavyofanywa mafuta? Mti wenyewe ukiachwa ni mrefu kama mnazi, kwa hiyo unakatwa na kupindwa ubaki kimo cha mtu, umejikunja kama mzee mwenye kiharusi. Alfajiri wanawake wanaingia shambani kabla jua halijakaza, kwa sababu harufu ndiyo bado imo. Ua likichunwa halisubiri kesho. Linapelekwa siku hiyo hiyo kwenye mtambo wa kukenekea, pipa kubwa la chuma au shaba juu ya moto, na moto huo unakaa usiku kucha, saa kumi na kitu, wakati mwingine saa ishirini. Kilo 100 za maua zinatoa kilo mbili hivi za mafuta. Mafuta yanayotoka mwanzo ndiyo daraja la juu kabisa, yanayokwenda kwenye manukato ya gharama. Yanayofuata yanashuka daraja mpaka kwenye sabuni.

Na moto unakula nini? Kuni. Hizo ndizo habari za kuni ambazo mhariri wangu hakuzipenda. Nzwani ni kisiwa kidogo chenye watu wengi, misitu yake imekwisha kwa kilimo, kwa mkaa, na kwa mitambo hii, na mito mingi iliyokuwa ikitiririka mwaka mzima sasa inaonekana masika tu. Mwanamke anayechuma maua anarudi nyumbani kutafuta maji ambayo mtambo wa maua umesaidia kuyakausha. Ungependa niliseme kwa maneno ya tangazo? Noti ya juu ni aldehaidi, noti ya kati ni maua, noti ya chini ni moshi.

Najua mtakachosema. Tayari rafiki yangu mmoja wa benki ameshanisomea somo kwenye simu. "Kila bidhaa ina malighafi. Mbona huulizi pamba ya shati lako ililimwa na nani Shinyanga?" Hoja nzuri. Ningeinyamazia kabisa, kama nyumba hii ingekuwa inanyamaza kuhusu wakulima wote kwa usawa.

Lakini hainyamazi! Hapo ndipo ninapopandia juu. Nenda kaangalie inavyosimulia asmini. Tangu mwaka 1987 Chanel ina mkataba na familia moja ya wakulima, akina Mul, huko Pégomas jirani na Grasse, ili asmini na waridi wa No 5 wasipotee. Wanapigwa picha. Wanatengenezewa filamu. Vikapu vyao, kofia zao za mkeka, mikono yao yenye umande, vyote tunavijua. Nyumba inajivunia kwamba chupa ya mililita 30 ya dondoo ina maua ya asmini 1,000 hivi na waridi dazeni moja. Wameyahesabu! Mtu amekaa akahesabu asmini moja moja mpaka elfu. Langilangi ngapi? Zilichumwa na nani? Anaitwa nani mwenye shamba? Kwa hiyo msiniambie mkulima hana nafasi katika hadithi ya manukato. Nafasi anayo, ila awe wa Grasse.

Na mwaka 2018 UNESCO ikaingiza ujuzi wa manukato wa Grasse katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu: kulima mimea ya manukato, kuichakata, na kuchanganya harufu. Mimi sina kinyongo na mkulima wa Grasse. Ardhi yake inamezwa na nyumba za likizo za matajiri na bila mikataba kama ule angeshauza shamba. Anastahili. Ila ujuzi wa Grasse haukukua kwa asmini za Grasse peke yake. Ulikua kwa mabehewa na meli, kwa mafuta yaliyotoka mashamba ya akina Chiris na wenzao. Mwanamke wa Nzwani anayejua kwa kugusa tu kwamba ua hili limeiva na hili bado siku mbili, mzee anayekaa na moto usiku kucha akijua kwa pua saa ya kubadilisha chombo kabla daraja halijashuka, hao nao wana ujuzi. Mmoja ameitwa urithi wa binadamu. Mwingine ameitwa malighafi.

Tuguse hela kidogo. Kwa miaka mia na zaidi Chanel haikutangaza mahesabu yake, ilianza mwaka 2018. Mauzo ya mwaka 2024 yalikuwa dola bilioni 18.7. Najua, humo kuna mikoba, nguo, saa, wanja, na manukato ni sehemu tu. Lakini pato zima la taifa la Komoro, watu wote, samaki wote, karafuu zote, vanila yote, halifiki dola bilioni 2. Bei ya mafuta ya langilangi inapanda na kushuka kama bajaji kwenye mashimo, na ikishuka mchumaji ndiye anayekatwa kwanza. Bei ya chupa dukani imewahi kushuka lini?

Rafiki yangu wa benki akaongeza, "Bila Wafaransa nani angenunua hiyo langilangi?" Kweli tupu. Mti wenyewe si wa kwetu, asili yake ni Ufilipino na visiwa vya huko, na ulipandwa Komoro kwa ajili ya soko lao. Hata karafuu yetu ilitoka Maluku, hatuioni haya. Sijadai kwamba Komoro ilivumbua No 5. Beaux alikuwa bingwa, na mkono wake katika zile aldehaidi bado watu wanaujaribu na kushindwa. Nachokataa ni hesabu ya urithi inayoanza na kuishia kilomita ishirini kutoka Cannes.

Na sisi? Sisi ndio wabaya zaidi, naona tumekaa kimya. Mkoloni aliondoka kasumba ikabaki imejipulizia. Nani kati yenu, wasomi wa mjini, angeingia ofisini Posta na kikuba kifuani? Asmini, mrehani, mkadi, vimefungwa vizuri. Hapana, hiyo ni ya harusini na ya bibi. Tunapanga foleni Kariakoo kununua chupa feki iliyoandikwa jina la Paris na herufi moja imekosewa, tunanuka spiriti mpaka saa sita mchana, na tunaona tumeendelea. Udi ulikuwa moshi wa wazee mpaka Yves Saint Laurent walipotoa M7 mwaka 2002, na majina makubwa mengine yakafuata, ndipo vijana wakaanza kusema "udi una mvuto." Udi huo huo uliokuwa ukiingia Unguja na Mombasa kwa majahazi kabla hakuna mtu aliyewahi kusikia habari za Coco. Ulihitaji kwenda Paris kupigwa muhuri wa kuingia nyumbani kwako.

Pemba pale Wawi kuna kiwanda cha kukeneka mafuta ya makonyo ya karafuu. Nimewahi kuwauliza waandishi wenzangu sita mafuta yale yanaishia wapi. Mmoja alidhani makonyo yanatupwa.

Kwa hiyo ombi langu si kubwa. Kwa nyumba yenye jina: mmehesabu asmini, hesabuni na langilangi. Wekeni jina la kisiwa pale mlipoweka Grasse. Wapeni wachumaji mkataba wa miaka mingi wenye bei isiyoshuka chini ya kiwango, kama mlivyojua kuwapa akina Mul tangu 1987. Na lipieni mitambo inayokula kuni chache, ipo, haihitaji roketi. Kwa wahariri wangu wapendwa: tangazo ni la mwenye duka, lakini makala ni ya msomaji. Mkitaka vyote viwe vya mwenye duka, andikeni hivyo juu ya ukurasa, na mimi mtanikuta hapa.

Bibi nimempigia simu juzi nikamweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza hiyo chupa ni shilingi ngapi. Nilipomwambia, akanyamaza kidogo, akasema, "Mjukuu wangu, si ungeniambia nikutumie foronya."

Na hii hapa aya iliyokatwa, kama nilivyoiandika:

"Ua la tatu la No 5 ni langilangi. Visiwa vya Komoro, vilivyoko kusini-mashariki mwa Mtwara, vimekuwa miongoni mwa wazalishaji wake wakuu duniani. Huchumwa alfajiri na wanawake, hukenekwa kwa moto wa kuni, na harufu yake inajulikana katika kila nyumba ya Unguja ambako kumewahi kufanyika harusi."

Maneno 44 tu. Hayo ndiyo yaliyoshindikana kukaa juu ya tangazo la nusu ukurasa.